Habari za sayansi: rasimu, jarida, gazeti, video au akili mnemba?

Ugunduzi ni mmoja, njia za kuupata ni nyingi. Mtafiti hupandisha rasimu mtandaoni, chuo chake kikatoa taarifa kwa waandishi, jarida likachapisha, gazeti likaandika, mtu mwenye simu na taa akaueleza kwa sekunde sitini, na siku hizi unaweza kuiambia programu ya akili mnemba ikufupishie yote.

Ulinganisho huu ni wa msomaji asiye mtafiti, mwenye muda mchache na hamu ya kujua kinachoendelea. Wengi huchagua chanzo kwa kasi: nani kaitoa kwanza. Mimi natanguliza kigezo kingine: habari ikibadilika, chanzo chako kitakurudia kukuambia? Sayansi hubadilika sana baada ya siku ya kwanza, na hapo ndipo vyanzo hivi vinapoachana.

Kwa asiye na muda wa kusoma hadi chini, jibu langu ni hili. Kwa matumizi ya kila siku, mfuate mwandishi wa sayansi anayelifuatilia eneo moja kwa miaka. Jambo likigusa mwili wako au fedha zako, fungua makala yenyewe ya utafiti. Jambo likiwa la namba inayobadilika kila siku, nenda kwenye ukurasa wa taasisi inayopima. Video na akili mnemba ni vya kukusaidia kuelewa, si vya kukupa habari.

Rasimu au jarida

Rasimu ni makala ya utafiti iliyowekwa mtandaoni na mwandishi wake kabla wahakiki wa jarida hawajaigusa. Mtindo huu ulipata nguvu mwaka 1991, mwanafizikia Paul Ginsparg alipoanzisha hifadhi ambayo leo inaitwa arXiv. Wanabiolojia walipata yao, bioRxiv, mwaka 2013, na watu wa tiba wakafuata na medRxiv mwaka 2019, miezi michache kabla ya korona. Kusoma ni bure, na unalipata jambo mapema kuliko litakavyotokea jaridani.

Uzuri na ubaya wake vyote vilionekana kwenye kisa cha LK-99. Tarehe 22 Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walipandisha rasimu wakidai kwamba mchanganyiko wao wa risasi, shaba, fosforasi na oksijeni ni superkondakta, yaani unapitisha umeme bila ukinzani wowote, na kwamba hali hiyo inadumu hadi nyuzi 127 za Selsiasi bila kuhitaji shinikizo la ziada. Superkondakta zinazojulikana huhitaji baridi kali au shinikizo la kutisha. Dai hilo lingekuwa kweli, nyaya za umeme na mashine za hospitali zingebadilika kabisa. Ikasambaa pia video ya kipande cheusi kilichoinuka juu ya sumaku, ukingo mmoja ukiwa bado umegusa chini. Ukingo huo peke yake ulitosha kumtia mtu shaka.

Maabara nyingi zikaanza kupika mchanganyiko uleule na kumwaga matokeo mtandaoni, mengine yakipingana waziwazi. Haukupita mwezi, jibu likawa limekaa sawa. Sampuli za mwanzo zilikuwa na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo ikifika karibu nyuzi 104 hubadili mpangilio wake wa ndani na ukinzani wake hushuka ghafla. Anayetafuta superkondakta angeona kile anachokitafuta. Kule kuinuka kukaelezeka kwa usumaku wa kawaida. Watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Stuttgart wakatengeneza fuwele safi zisizo na uchafu huo: zilikuwa za zambarau, zinapenyesha mwanga, na hazikuwa superkondakta hata kidogo. Zilizuia umeme.

Aliyekaa kwenye rasimu wiki zote hizo aliiona sayansi ikijisahihisha mbele ya macho yake. Aliyechungulia siku ya kwanza akaondoka alibeba uongo. Na tusijidanganye: LK-99 ilipata bahati ya kutazamwa na dunia nzima. Rasimu nyingi hazipati mtu hata mmoja wa kurudia jaribio, zinabaki pale na dai lake, na wewe msomaji wa kawaida huna njia rahisi ya kujua ipi ni ipi.

Jarida huweka mhakiki katikati. Wataalamu wawili au watatu wa fani hiyohiyo husoma makala, huuliza maswali magumu, hudai jaribio la ziada, na mara nyingi makala hukataliwa. Wasichofanya, na wasomaji wengi hawalijui hili, ni kurudia jaribio. Wanasoma walicholetewa. Data ikiwa mbovu kutoka chanzo, mhakiki anaweza asing'amue.

Ndivyo ilivyotokea tarehe 22 Mei 2020, jarida la tiba la The Lancet lilipochapisha utafiti uliodai kutumia rekodi za wagonjwa wa korona wapatao 96,000 na kuonyesha kwamba dawa ya haidroksiklorokwini inaambatana na vifo zaidi. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake. Kampuni iliyotoa data, Surgisphere, ilipotakiwa kuikabidhi yote ikaguliwe, haikufanya hivyo, na tarehe 4 Juni makala ikafutwa. Wiki mbili tu. Lakini kuna kufuta kwingine kunakochukua miaka: Desemba 2010 jarida la Science lilitoa mtandaoni makala kuhusu bakteria wa Ziwa Mono, California, aliyedaiwa kuweza kujenga mwili wake kwa aseniki mahali pa fosforasi. Mwaka 2012 tafiti mbili zilionyesha kwamba dai halisimami. Jarida liliifuta makala yenyewe Julai 2025, na waandishi wake walipinga kufutwa huko.

Angalia kinyume kilichopo hapo. Rasimu, inayosemwa haina uhakiki, ilisahihishwa hadharani ndani ya wiki tatu hivi. Jarida lenye heshima zote lilichukua karibu miaka 15. Bado ningechagua jarida kwa jambo la afya, kwa sababu moja: jarida lina mahali rasmi pa kuandika kwamba makala imefutwa, na rasimu iliyosahauliwa haina wa kuifuta.

Ukiifungua makala, usianze mwanzo ukaenda mwisho, utachoka. Soma ikisiri, yaani muhtasari ulio mwanzoni, kisha ruka hadi kwenye michoro na majedwali, kisha sehemu ya mwisho ambako waandishi hukiri mapungufu. Tafuta vitu vichache: walikuwa watu au panya, walikuwa wangapi, kulikuwa na kundi la kulinganishia, nani alilipia. Aya ndogo ya mgongano wa maslahi, iliyofichwa kule chini kwa herufi ndogo, huwa na habari kuliko utangulizi mzima.

Taarifa ya chuo au mwandishi wa sayansi

Mwamba ngoma huvutia kwake. Chuo kinapotoa taarifa kwa vyombo vya habari, kinajitangaza chenyewe pia: wafadhili wanasoma, wanafunzi watarajiwa wanasoma. Taarifa hizi zimejaa mtandaoni, nyingi kupitia EurekAlert!, huduma ya AAAS, shirika la wanasayansi la Marekani, iliyoanza mwaka 1996, na tovuti kadhaa za "habari za sayansi" hazifanyi zaidi ya kuzinakili na kubadili kichwa. Huenda umekuwa ukisoma taarifa za vyuo kwa miaka ukidhani ni uandishi wa habari.

Mwaka 2014 jarida la BMJ lilichapisha uchunguzi wa taarifa 462 kutoka vyuo 20 vya Uingereza. Asilimia 40 zilitoa ushauri uliokuzwa kuliko utafiti wenyewe. Asilimia 33 zilidai kitu kimoja kinasababisha kingine pale ambapo utafiti haukuonyesha hivyo. Na kati ya tafiti za wanyama, asilimia 36 ya taarifa zilikuza maana yake kwa binadamu. Linaloumiza zaidi ni hili: taarifa ilipokuza mambo ya wanyama na binadamu, asilimia 86 ya habari zilizotokana nayo zilikuza vilevile, taarifa isipokuza, ni asilimia 10 tu. Kwa hiyo lawama tunazowatupia waandishi wa habari, sehemu kubwa ni ya ofisi za uhusiano za vyuo. Sehemu inayobaki ni ya mwandishi aliyeinakili taarifa bila kupiga simu.

Mwandishi mzuri anafanya nini zaidi? Chukua sayari ya K2-18b, iliyo umbali wa miaka nuru 124 hivi. Aprili 2025 Chuo Kikuu cha Cambridge kilitangaza kwamba darubini ya angani ya Webb imeona dalili za dimethili salfaidi katika anga yake, gesi ambayo hapa Duniani hutolewa hasa na viumbe vidogo vya baharini. Taarifa ya chuo, na tuitendee haki, ilisema yenyewe kwamba matokeo yako kiwango cha sigma tatu: uwezekano wa asilimia 0.3 kwamba ni bahati nasibu tu, huku ugunduzi wa namna hiyo ukihitaji sigma tano. Lakini kilichosafiri duniani ni maneno kuhusu dalili kubwa kuliko zote za uhai nje ya mfumo wetu wa jua. Waandishi wenye kazi yao waliwapigia wanafalaki wasiokuwa kwenye timu, wakaandika shaka zao siku hiyohiyo, kisha wakarudi wiki chache baadaye wengine walipochambua upya data ileile ya Webb na kusema alama hiyo haina nguvu inayodaiwa. Taarifa ya chuo haikurudi. Si kazi yake kurudi.

Au chukua nishati ya kuunganisha viini vya atomu. Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore kule California, leza 192 zilipiga kidonge cha mafuta kwa nishati ya megajuli 2.05 na kikatoa 3.15. Wizara ya Nishati ya Marekani ilipotangaza siku nane baadaye, vichwa vingi vilisema nishati iliyotoka imezidi iliyoingia. Kweli, ukihesabu mwanga uliofika kwenye shabaha tu. Kuziwasha leza hizo kulihitaji megajuli kama 300 za umeme. Namba hiyo ya 300 ndiyo kipimo changu cha haraka: habari iliyoitaja iliandikwa na mtu aliyeuliza; isiyoitaja ilinakiliwa.

Waandishi nao wana udhaifu ambao msomaji anapaswa kuujua. Majarida makubwa huwatumia makala siku kadhaa kabla, kwa sharti kwamba wasitoe chochote hadi saa iliyopangwa. Sharti hilo humpa mwandishi muda wa kuuliza, ni jambo jema. Lakini saa ikifika, vyombo vyote vinatoa habari ileile kwa pamoja, na msomaji anapata picha kwamba dunia nzima imethibitisha. Ukisoma magazeti manne siku hiyo, bado una chanzo kimoja.

Wala taarifa si lazima iwe ya uongo kwa kuwa imewahi. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa jaribio la RECOVERY la Oxford walitangaza kwa taarifa tu, kabla hata ya rasimu, kwamba dawa ya deksamethasoni inapunguza vifo vya korona. Rasimu ikaja siku sita baadaye, jarida likafuata Julai, na matokeo yakasimama: vifo vilipungua kwa theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni, dawa haikuonyesha faida yoyote. Kichwa cha "dawa ya bei nafuu yaokoa maisha" kilikuwa kweli, na bado kingeweza kumdhuru aliye na mafua nyumbani asiyefika kwenye sentensi ya mwisho.

Video fupi au akili mnemba

Hapa nitapita haraka, maana sioni ugumu wa kuchagua.

Video ya mtu anayefanya kazi hiyo mwenyewe, akikuonyesha kifaa, akichora, inaeleza namna kitu kinavyofanya kazi kuliko aya kumi. Tatizo ni kwamba ikishapaa haihaririwi, na mitandao yenyewe hupendelea kinachoshangaza. Watafiti wa MIT walichunguza habari takriban 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, wakachapisha katika Science mwaka 2018: ya uongo ilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli. Roboti hazikuwa sababu kuu. Ni watu. Kwa hiyo kama unamfuata mtengeneza video, mchague anayeweka viungo vya makala anazozitaja, na anayethubutu kutoa video ya pili kusahihisha ya kwanza.

Programu za akili mnemba zina kipaji cha lugha. Zipe makala uliyonayo mkononi, ziulize sigma tatu ni nini au kundi la kulinganishia ni nini, zitakueleza kwa subira ambayo hata mwalimu hana. Ila ukiziuliza nini kimegunduliwa wiki hii, umezipa kazi zisiyoiweza vizuri. Oktoba 2025 BBC na Umoja wa Utangazaji wa Ulaya walitoa matokeo ya kupima majibu zaidi ya 3,000 kuhusu habari, kutoka ChatGPT, Copilot, Gemini na Perplexity, yakikaguliwa na waandishi wa lugha 14. Asilimia 45 yalikuwa na angalau kasoro moja kubwa; asilimia 31 yalikuwa na matatizo makubwa ya vyanzo, ikiwemo kumpa mtu maneno yasiyo yake. Jibu baya huja kwa sauti ileile tulivu ya jibu zuri, na hiyo ndiyo hatari yake hasa. Zikikupa jina la makala, litafute. Usipolipata, chukulia kwamba halipo.

Ukurasa wa taasisi inayopima

Njia hii husahaulika, nami naipenda kuliko watu wengi wanavyoipenda. Tarehe 27 Desemba 2024 darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Chile iliiona asteroidi iliyopewa jina 2024 YR4, ikikadiriwa wakati huo kuwa na upana wa mita 40 hadi 90. Uwezekano wa kuigonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032 ulivuka asilimia moja mwishoni mwa Januari, ukafika asilimia 3.1 tarehe 18 Februari 2025, na kabla mwezi haujaisha ukawa umeshuka chini ya asilimia 0.01.

Aliyesoma magazeti aliona hofu inapanda, halafu kimya. Wengine wakadai kuna kitu kimefichwa. Aliyekuwa akifungua kurasa za NASA na Shirika la Anga la Ulaya, zilizosasishwa kila vipimo vipya vilipoingia, alikuta maelezo ya kwa nini namba hupanda kabla ya kuporomoka. Wataalamu hawajui njia kamili ya asteroidi; wanachokijua ni ukanda mpana wa mahali inapoweza kupita. Vipimo vipya huufinya ukanda huo. Maadamu Dunia bado imo ndani, inakuwa sehemu kubwa zaidi ya ukanda uliobaki, na asilimia inapanda. Siku ukingo wa ukanda unapoivuka Dunia, asilimia inaanguka karibu na sifuri. Kupanda kule hakukuwa dalili ya hatari kuongezeka. Ilikuwa hesabu ikiendelea.

Kwa mambo ya aina hii, yakiwemo milipuko ya magonjwa na vimbunga, habari ya gazeti ni picha ya siku moja iliyogandishwa. Chukua gazeti likueleze maana, na uchukue namba kwenye ukurasa wenyewe. Kasoro ya kurasa hizi ni ukavu wake: hazikuambii kama ujali.

Sasa uchague

Kama una nusu saa kwa siku na unataka tu kuwa na habari, tafuta waandishi wawili au watatu wa sayansi, uwafuate kwa majina yao badala ya kufuata chombo kizima. Wapime kwa kisa cha zamani unachokijua mwisho wake: tafuta walivyoandika LK-99 au K2-18b siku ya kwanza, kisha uone kama kuna andiko la pili.

Kama wewe ni mwanafunzi au mhandisi wa fani fulani, rasimu za fani yako ni zako, usizikose. Rasimu za fani nyingine ziache kwa wenyewe.

Kama unataka kuwekeza fedha kwa sababu ya tangazo la teknolojia, usitegemee tangazo la kampuni hata likiwa limepachikwa kwenye makala ya jarida la Nature. Februari 2025 Microsoft ilitangaza chipu ya kompyuta ya kwanta iitwayo Majorana 1. Makala iliyoambatana nayo ilikuja na faili la uhakiki lililo wazi kwa kila mtu, ambamo wahariri waliandika kwamba matokeo hayo si ushahidi wa kuwepo kwa hali maalumu ya kifizikia ambayo chipu hiyo imejengwa juu yake. Faili hilo linapatikana bure mwishoni mwa ukurasa wa makala.

Na kama ni dawa au ugonjwa wako, soma makala, mpelekee daktari, na kabla ya hapo ingiza jina lake kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, ambayo ni bure na huorodhesha makala zilizofutwa. Fanya hivyo hata kama nakala unayo tayari kwenye simu. Tangazo la kufutwa huwekwa kwenye ukurasa wa jarida. Faili ulilopakua mwaka juzi halitakuonyesha chochote.